Povu Lililokataa Kupanda

Kama hujawahi kunywa kahawa ya Povu, usijisifu mbele za watu kwamba wewe ni mnywaji. Unalowesha koo tu. Povu mwenyewe ukipishana naye njiani hutageuka kumtazama mara ya pili: mfupi, mwembamba, mwendo wa haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Lakini mpe birika la kusukuma, kisha ukae pembeni. Lile la kioo, kifuniko kimetobolewa katikati, fimbo imepita, na mwisho wa fimbo kuna chujio la waya linaloshuka taratibu na kuyakandamiza makapi chini, kahawa ikabaki juu safi. Mume wake, fundi wa friji, alipewa mabirika mawili ya aina hiyo na mteja aliyekuwa akihama. Akayaleta nyumbani, akapanga kuwekea skrubu. Povu alimnyang'anya kabla hajatia hata moja, na tangu siku hiyo ndoa yao ina adabu.

Hakufundishwa na mtu. Alijaribu, akaungua, akamwaga, akajaribu tena. Aligundua kwamba kahawa iliyosagwa laini kama unga inaziba chujio, na ukilazimisha fimbo inakurukia usoni. Inatakiwa iwe chengachenga. Aligundua kwamba maji yakitoka tu jikoni yana hasira, kwa hiyo aliyaacha yapumue kwanza. Kahawa ya baridi aliiloweka kwa maji ya baridi, akaifungia kwenye friji mpaka kesho yake ndipo akasukuma, ikatoka laini, inateleza, haina ule ukali wa kukunja uso. Birika moja lilikuwa la kahawa peke yake, na ole wake atakayelitia kitu kingine. La pili ndilo la mengineyo: tangawizi na mchaichai ya moto kwa wenye mafua, limau na mnanaa kwa barafu siku za joto, kakao kwa wenye huzuni. Na maziwa. Maziwa ndiyo yaliyompa jina. Alikuwa akitia kidogo tu chini ya birika, halafu anapandisha na kushusha fimbo mbiombio, chwa chwa chwa, mpaka yanaumuka kama godoro jipya.

Sasa, fundi wa friji ana dada yake mkubwa, mwenye saluni. Mtaa mzima unamwita Madamu, na yeye anaitika. Ni hodari wa nywele, hilo tusimnyime. Ila akiwa na kioo mbele yake hamwoni mtu mwingine, na saluni yake ina vioo kuta tatu. Alimwita Povu, akamwambia, wifi yangu, njoo na mabirika yako, saluni hii ni yetu sisi wawili. Povu akaja. Wanawake waliokuwa wakijinyonganyonga kwenye viti kwa kuchoka kusukwa wakaanza kuomba wasukwe taratibu. Wengine walikuja nywele zikiwa bado nzuri kabisa, wakasema wanataka kukatwa ncha. Na kikombe kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kahawa ya baridi yenye povu la maziwa juu, kwa sababu povu hilo Povu hakulipigia jikoni. Alikuja nalo mpaka kwenye kiti cha mteja, akalipigia hapohapo mbele ya kioo, mteja akiangalia maziwa yanavyopanda kama anaangalia mchezo wa mazingaombwe.

Kisha akaja mtangazaji wa redio, kichwa chake kikaoshwa, kikakaushwa, akapewa kikombe chake. Alipoonja akanyamaza, jambo ambalo kwa watu wa kazi yake ni ugonjwa. Akauliza ni nani aliyebuni vinywaji hivi. Povu alikuwa amesimama na sinia mkononi, tabasamu lake limeshafika nusu ya njia.

"Nimebuni mwenyewe," Madamu akasema, akijitengeneza nyusi kwenye kioo. "Huyu ni wa kuosha vikombe."

Tabasamu likarudi lilikotoka. Jumatatu yake Madamu alimwambia wifi yake asisumbuke kuja tena, kazi ya kusukuma fimbo haihitaji watu wawili. Povu akauliza kuhusu mabirika yake. Akajibiwa kwamba yabaki, yameshazoea pale.

Hakulia. Wale wanaolia hupoa, na Povu hakutaka kupoa. Alirudi nyumbani, akakatakata karoti mpaka ubao ukaanza kulegea, na fundi wa friji akakaa mbali na kisu. Baadaye alijaribu kumtuliza, akamwambia amsamehe, yule ni dada yake wa tumbo moja.

"Nitamsamehe," Povu akasema. "Akishaanguka."

Fundi wa friji akaenda kutengeneza friji ambayo haikuwa mbovu.

Nafasi ilikuja kwa miguu yake. Nyumba yenye saluni ni ya bibi mmoja ambaye kiunoni ananing'iniza funguo nyingi hata akitembea unadhani ni punda wa harusi aliyevishwa njuga. Anaitwa Bibi Funguo. Ana chumba cha mbele, kimepakana na saluni, mlango unatazama barabara, na kilikuwa kitupu. Bibi Funguo alikuwa akitaka kiwe chumba cha vinywaji, kwa sababu tangu Povu aondoke hajapata kikombe cha maana, anapewa kahawa ya moto tu na visingizio vya baridi. Povu alikuwa amekiota chumba hicho tangu zamani. Alishajua meza itakaa wapi. Alishajua hata rangi ya pazia.

Lakini yule mtangazaji alikuwa amemsifu Madamu redioni kwamba ndiye mbunifu, na Bibi Funguo akaamini kwamba Povu alikuwa mtumishi wake tu. Akamwambia Madamu: Jumamosi nitakuja na wenzangu wa kikundi cha ushonaji, utunyweshe vyote, vya moto na vya baridi, ukituridhisha ufunguo wa chumba ni wako.

Madamu akajaribu kupiga povu peke yake. Maziwa yakamwangalia tu. Akajaribu tena, yakalala. Ijumaa, jua likiwa bado kali, akaingia kwa mlango wa jikoni nyumbani kwa kaka yake, mkate mkononi, sauti imepakwa asali. Alitaka Povu aje kesho yake akae nyuma ya pazia la saluni, atengeneze, yeye apeleke mbele. Watu wasijue. Mambo ya familia, wifi yangu, tusiwape watu faida.

Povu akaupokea mkate, akauweka mezani. Kisha akasema sawa, atakuja. Fundi wa friji alidondosha bisibisi. Alimjua mkewe, "sawa" ya namna ile aliwahi kuisikia mara moja tu, na aliyeambiwa alihama mtaa.

Jumamosi Povu alijifungia nyuma ya pazia na mabirika yake mawili, akayashika kama watoto waliolelewa vibaya kwa jirani. Akayaosha kwa maji ya moto na sabuni, akayanusa, akayaosha tena. Halafu akaanza. Tangawizi na mchaichai ya moto ikatoka, sauti za wale wanawake zikashuka. Limau na mnanaa kwa barafu ikatoka, mmoja akavua viatu. Kahawa ya moto ilipofika, Bibi Funguo alisikika akisema kwamba hiki ndicho kilichokuwa kimepotea. Madamu alikuwa anakwenda na kurudi na sinia, kila akirudi nyuma ya pazia anamwambia Povu afanye haraka, na kila akienda mbele anacheka kile kicheko cha wenye majumba. Povu hakuharibu hata kikombe kimoja. Hapo ndipo wengi wangekosea. Wangetia chumvi mapema. Povu alitaka Madamu apande juu kwanza, maana anayedondoka kutoka kwenye kiti cha chini haumii.

Alikuwa akisubiri kikombe cha mwisho, kahawa ya baridi yenye povu, ambayo aliiloweka nyumbani tangu jana yake. Bibi Funguo asingekubali povu lije limeshapigwa. Alizoea kuliona likipanda mbele ya macho yake. Madamu desturi hiyo aliisahau, kwa kuwa wakati wa povu siku zote yeye alikuwa anajitazama.

Na kweli, sauti ya bibi ikaja: alete birika hapa, apige tunaona.

Povu alikuwa amelifungua chujio, na kidole chake cha shahada tayari kilikuwa ndani ya kopo la mafuta ya nywele lililokuwa kwenye rafu. Kwa sababu jambo moja alilojua yeye, na hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba mafuta na povu havikai nyumba moja. Alama ndogo tu ya mafuta kwenye waya, maziwa yanakufa kabla hayajazaliwa. Ndiyo maana alipokuwa akifanya kazi pale alikuwa ananawa kwa sabuni mpaka viwikoni, na Madamu akawa anamcheka kwamba anajiona daktari.

Pazia likafunguka kabla kidole hakijagusa waya. Madamu aliingia anahema. Alikuwa ametoka kumpaka mgeni mmoja mafuta ya nywele, ili asiondoke bila kumbukumbu, na viganja vyake viling'aa mpaka kwenye vifundo vya mikono. Akamnyakua Povu birika, akalichukua chujio, akalifungia fimbo mwenyewe kwa vidole vyote kumi, akilisugua ili likae sawa.

Povu alitazama vidole vile. Angeweza kusema neno moja. Akachukua kitambaa, akafuta kidole chake polepole, akakaa kwenye kigoda.

Huko mbele, chwa chwa chwa. Kimya. Chwa chwa chwa tena, kwa nguvu zaidi. Mgeni mmoja akauliza kama maziwa ni mabovu. Mwingine akasema labda amesahau, akachekwa. Madamu akasukuma mpaka bangili zikagongana, na ndani ya birika maziwa yalikuwa yametulia kama maji ya kufulia yaliyosahauliwa. Bibi Funguo akauliza, kwa upole unaoua, kama ni yeye kweli aliyebuni.

Madamu akapandwa na jazba, na jazba haichagui maneno.

"Ni huyo hapo nyuma," akasema. "Ameniharibia makusudi. Vingine vyote si vimetoka vizuri?"

Akasikia alichokisema akiwa ameshakisema. Funguo zikalia, bibi akanyanyuka, akavuta pazia. Povu alikuwa amekaa, miguu pamoja, anakunywa tangawizi.

"Kumbe uko hapa, mwanangu," bibi akasema.

"Niko, bibi. Nilifichwa."

Akatoka, akalitwaa birika mikononi mwa wifi yake bila kumtazama, akalipeleka kwenye bomba, akaliosha na kujiosha. Akatia maziwa mapya. Yalipanda mpaka kwenye kifuniko, na wale mafundi cherehani wakapiga makofi kama mtoto wao amehitimu. Ufunguo wa chumba ulitolewa kiunoni palepale, mbele ya vioo vyote vitatu, hivyo Madamu akauona ukitolewa kila upande alikogeuka.

Wageni walipoondoka, Madamu alimfuata kwenye bomba. Sauti haikuwa na asali tena.

"Uliweka nini, wifi? Niambie tu. Sitamwambia mtu."

"Sikuweka kitu," Povu akasema, na ilikuwa kweli, na utamu wake ulikuwa hapo.

Fundi wa friji alimwomba mara nyingi amweleze dada yake, yaishe. Povu hujibu kwamba ataeleza, siku moja, akikumbuka. Sasa ana chumba chake, meza iko alipoitaka, wateja wanasubiri hadi barabarani. Na mchana, saluni ikipoa, kupitia ukutani husikika Madamu akijaribu na birika jipya alilonunua: chwa chwa chwa, halafu kimya. Povu hupunguza redio ili asikie vizuri.