Mwalimu Ramlo na Mama Mkwe wa Mstari wa Mbele

"Tangu Idi, Fatumo! Chupa ya chai nimekuazima tangu Idi, na leo unaniuliza chupa gani?"

Hivyo ndivyo Ramlo alivyofungua darasa lake la kwanza la Kiswahili, hapa mtaani kwetu Galbet. Wengine huanza kwa salamu.

Fatumo, aliyekuwa ameshika mstari wa mbele, akavuta shali yake. "Abaayo, dada yangu, nimekuja kusoma. Sikuja kudaiwa."

Ramlo alikuwa mpishi wa shule miaka kumi na minane. Kwa kusikiliza dirishani huku akikoroga uji, aliamini ualimu ni chaki na sauti kubwa, na sauti Mungu hakumnyima. Nuh, mwenye ghala la saruji, alimwazima chumba kwa sharti moja: siku ya pili wasipofika wanafunzi kumi, mifuko yake inarudi. Siku hii ya kwanza walikuja kumi na wawili, wanawake saba na madalali watano wa mbuzi waliochoka kupunjwa na wanunuzi wa Nairobi. Siku hiyo aliitwa "mwalimu" mara nne. Alihesabu.

"Leo tunauziana mbuzi," akatangaza. "Fatumo, wewe unauza. Jelle, simama mbele yake, mtazame usoni, mpatane bei."

Wanafunzi wakatazamana. Jelle amemwoa binti wa Fatumo. Galbet yote inajua, na pilau ya harusi aliipika Ramlo huyuhuyu. Kwetu mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani huvuka upande wa pili, akiinamisha macho. Sembuse kumkazia macho na kumshusha bei! Lakini chaki ikishampanda mtu kichwani, ndiyo basi.

"Semeni! Mnaogopa Kiswahili?"

Jelle akasoma mabati ya paa. Fatumo akajifunika uso. Mwishowe Jelle akatoka, na madalali wenzake wanne nyuma yake, mstari mmoja, kama bidhaa yao.

Wakabaki saba. Hesabu hiyo hata mpishi aliiweza.

Jioni mwalimu akaenda kwa Fatumo, sauti ameiacha nyumbani. Fatumo akamwacha amesimama mlangoni.

"Umefuata chupa?"

"Nimefuata msamaha."

"Sema kwa Kiswahili, mwalimu. Nijifunze."

Ramlo akasema, neno kwa neno, na Fatumo akamrudisha mwanzo mara mbili, eti hakusikia vizuri.

"Mkwe wangu hatakaa darasani nikiwa mbele yake," Fatumo akasema. "Na mimi sitoki. Nataka kumwambia daktari ninapoumwa, si kutafsiriwa na mjukuu mambo ya tumbo langu."

"Basi usiongee naye. Ongea na mimi, naye aongee na mimi."

Asubuhi Ramlo akapita soko la mifugo akamweleza Jelle mpango. Darasani akatundika shuka katikati, wanaume huku, wanawake kule, yeye mwenyewe kwenye upenyo kama askari wa kizuizi cha barabarani.

"Mbuzi hii elfu kumi na mbili," Fatumo akaanza.

"Mama anasema elfu kumi na mbili," Ramlo akapitisha.

"Mwambie mama, heshima yake kubwa, lakini mbuzi yake imekonda. Elfu nane."

"Anasema imekonda. Elfu nane."

"Mwambie huyo mnunuzi, wallahi, mbuzi yangu haijakonda. Macho yake ndiyo iko na njaa!"

Kicheko pande zote mbili za shuka, Jelle akiwemo. Kila neno lilisemwa mara mbili, na darasa zima likilinong'ona mara ya tatu. Walimu wa diploma hawajawahi kufikiria hilo. Ramlo naye, tuseme ukweli, hakulifikiria.

Wakapatana elfu kumi. Nuh akachungulia mlangoni, akahesabu vichwa kumi na viwili, akaenda kuitafutia saruji yake kwingine.

Wanafunzi walipoinuka, Fatumo akatoa kitu chini ya shali. Chupa ya chai, imejaa, moto, inanukia iliki.

"Kifuniko kilipotea," akasema, macho pembeni.

"Kifuniko gani?" akasema Ramlo, akaanza kumimina.