Mifugo Yangu ya Ndani ya Tangi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya kupaka bampa za magari kromi pale mtaani Ruti, Hajji mwenye karakana alinicheka mbele ya mafundi. "Mama Neema, mimi nanunua dawa kuua wadudu, wewe unataka kufuga?" Nikamjibu ndiyo, nitawafuga kwenye tangi la maji yako machafu, na watakula sumu yako. Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na diploma yangu ya maabara ya Bukavu. Sikuwa na muda wa kuona haya.

Vijana, sikilizeni. Maji ya kusuuzia bampa huwa ya njano kwa sababu ya kromi iliyoyeyuka, na kromi ya namna hiyo hudhuru ini. Bakteria wa kwenye tope, ukiwalisha molasi, huipa elektroni. Hapo inageuka ya kijani, si kali tena, na ina chaji chanya. Ngozi ya bakteria ina chaji hasi, basi vinang'ang'aniana na kuzama pamoja. Kasoro yao moja: wananuka. Lo, wananuka!

Hilo ndilo lililotuponza. Binti wa Hajji alikuwa anaposwa, na nyumba yao iko nyuma ya karakana. Jumapili nikiwa kanisani Nakivale, Hajji akamwaga klorini tangini. Jumatatu nikakuta harufu hakuna na maji ni njano tupu. Mifugo yangu imekufa! Miili yao bado ilishika kromi kidogo, lakini mfu hageuzi kitu.

"Tangi imejaa," Hajji akasema. "Wakwe wanakuja kesho. Fungua maji iende kijitoni."

Nikaishika koki. "Hajji, ng'ombe zako zinakunywaka maji fasi gani?"

Akageuka kutazama chini. Zizi lake lilikuwa bondeni, kwenye kijito kile kile. Mimi sikuiachia koki, ingawa kazi hiyo ndiyo iliyolisha watoto wangu.

"Sasa tunafanya nini?" akauliza.

Tukasimamisha kazi. Klorini tukaiacha iishe juani, kisha Hajji mwenyewe akakunja kanzu, akachota tope jeusi la mfereji wa zamani, walikobaki bakteria wachache, akalimimina tangini. Wakwe walipokelewa kwa kaka yake. Harufu iliporudi nilipiga vigelegele, mafundi wakaniona kichaa.

Nilipostaafu, Hajji aliniletea mtamba hadi Nakivale. "Huyu mama yake alikunywa maji yako," akasema.

Mtamba yule amekwisha kuzaa. Kila asubuhi namkamua, na kikombe cha kwanza nampa mjukuu wangu mdogo kuliko wote.