Mwizi Mwenye Huruma

Siku zile vita ilipofunga mabanki kule Kivu, mama mmoja mchuuzi wa jumla alisoma barua pepe kwa sauti kwenye siberi yetu ya intaneti hapa Lubumbashi: "Mteja mpendwa, tunafunga konti yako leo. Bonyeza hapa, andika kode yako ya siri."

Bwana aliyeketi kando yake akaruka. "Mama, bonyeza mbio! Batafunga kweli, utapoteza byote!"

Mama akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. "Papa, banki yangu ilifunga kabisa milango yake kule Goma. Ilinijulisha? Hata bonjour haikusema! Huyu mwenye kunionea huruma ni mwizi."

Akaifuta ile barua, akaingia kwenye konti yake kwa njia yake ya kila siku. Akaikuta iko salama.

Tangu hapo, barua yenye kunihangaikia kupita ndugu zangu, naifuta bila kuaga.