Mume aliyefishwa na "was"

Juzi, katika ofisi ya leseni za uvuvi hapa Nchelenge, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja Mukongomani. Alileta barua ya kumuombea mume wake leseni, ameiandika mwenyewe kwa Kiingereza. Karani akaisoma, akavua kofia.

"Mayo, mama yangu, pole sana. Alikufa lini?"

"Nani?"

"Bwana yako. Umeandika 'my husband was a fisherman'. Alikuwa, sasa hayuko. Marehemu hatumupi leseni."

Mwanaume mmoja akaruka kutoka kwenye benchi. "Miye niko muzima! Asubui nimekula bukari!"

"Nyamaza kwanza," mke wake akamwambia, "tunatengeneza." Akamgeukia karani: "Nilitaka kusema alianza zamani."

Karani akafuta 'was', akaandika 'has been'. "Hii inasema alianza zamani, na mpaka leo angali muvuvi."

Akagonga muhuri. Mume akaikodolea macho barua, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Na hii 'been' itanifikisha wapi?"

"Mpaka Desemba," karani akajibu. "Halafu unakuja kuongeza muda wa leseni."

Mimi nimeshaamua. Mke wangu akiandika barua kwa Kiingereza, nitakaa karibu yake mpaka atie nukta.