Mkia wa Waya Nilioukata

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koleo kabla ya kupewa kiti. Ilikuwa karakana ya redio pale Ujiji, na Fundi Mkuu, mtu mnene asiyecheka kabla ya saa sita, alinisukumia redio iliyopasuliwa tumbo.

"Unaona nini humo?"

"Nyaya, Fundi."

"Unaona uchafu. Waya usiofika popote, kata."

Nikagusa mmoja uliokuwa ukining'inia, nikauliza kazi yake nini. Akanitazama kama nimemmwagia chai. "Umekuja kunifundisha?"

Sikuuliza tena. Niliishia darasa la nne, na kama angenifukuza, dagaa wa kuanika walikuwa wakiningojea nyumbani. Nikakata. Vipande tuliweka kwenye kopo la maziwa ya unga, maana waya wakati ule haukutupwa. Kopo langu ninalo hadi leo.

Baadaye nikahamia karakana ya bandarini Kigoma, kutengeneza redio za kuitana za maboti. Huko ndiko nilikojua kulehemu: unayeyusha risasi juu ya kiungo mpaka ing'ae kama jicho la samaki mbichi. Ikifubaa, kiungo kimekufa. Kisha unavuta waya mara tatu. Msimamizi alikuwa akipita nyuma yetu akifoka, "Vuta, mama! Mtu aliye katikati ya ziwa hana jirani wa kumgongea!" Manahodha walikuja wakiuliza fundi yuko wapi. Nikawaambia, unamtazama. Hakuna redio iliyotoka mikononi mwangu ikarudi kwa ubovu ule ule. Najisifu mwenyewe kwa sababu waliokuwa wakinisifu wamekufa.

Nikamalizia na meza yangu mwenyewe Rusimbi, mpaka simu za mkononi zikaniondolea wateja. Kukaa bure sikuwezi. Nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi mjukuu wangu Mwajuma, wa mwaka wa mwisho chuo cha ufundi, aliponiletea ndege.

Ndege ya mfano, ya maboksi ya povu, mabawa yake marefu kuliko mikono yangu. Walimu wangeitazama kesho yake ikizunguka juu ya ziwa na kurudi. Isiporudi, Mwajuma angerudia mwaka, na hana ndege nyingine.

"Bibi, hii ni risiva, ya mtindo wa zamani. Inapokea amri kutoka kwenye rimoti. Hizi sevo ni mota ndogo, zinasukuma usukani na mabawa. Kila sevo ina plagi yake hapa, waya mweusi ukae upande wa nje. Wewe nilehemie tu huu wa betri, umekatika."

Akaenda Mwandiga kutafuta gundi. Nikalehemu, ikang'aa, nikavuta mara tatu. Ndipo nikauona: waya mweupe mwembamba, karibu mita nzima, umetoka kwenye ile risiva ya zamani na kuning'inia tu. Hauna plagi. Mkono ukaniwasha. Nikakata, nikatia koponi, nikajisikia vizuri.

Asubuhi, kwenye uwanja wa wazi karibu na ziwa, tulijaribu kwanza. Mimi nimeshika ndege, Mwajuma anarudi nyuma na rimoti. Hatua ishirini, usukani ukaanza kutetemeka. Thelathini, kimya.

Akarudi mbio. "Bibi, lehemu yako imeshika kweli?"

Swali lile liliniuma. "Imeshika."

"Basi risiva imekufa." Walimu walikuwa wanateremka. "Nitairusha hivyo hivyo. Labda itavumilia."

Ningenyamaza, ndege ingezama na hakuna ambaye angejua. Nikakumbuka mtu wa katikati ya ziwa anayeita.

"Nimekata ule mweupe."

"Upi?"

"Mrefu. Haukufika popote."

"Bibi! Ile ni antena! Inaishia hewani, ndiyo kazi yake! Na urefu wake una kipimo!"

Mimi, niliyelehemu antena za maboti! Lakini zile zilikuwa nguzo juu ya paa. Sijawahi kuona antena laini kama uzi.

Nikapanda bodaboda hadi nyumbani, nikarudi na kopo, koleo na pasi yangu ya kulehemu ya shaba, ile ya zamani isiyotaka umeme. Mwalimu mmoja akacheka. "Huyu ndiye fundi wako?"

"Ndiye," Mwajuma akasema. "Msubirini."

Mama muuza mihogo kando ya uwanja akanipisha kwenye jiko lake la mkaa. "Usinitilie risasi kwenye mafuta yangu, bibi!" Pasi ikashika moto makaani, nikaunga kipande kile kile kilichokatwa. Kiungo kikang'aa, nikavuta. Mara tatu.

Hatua thelathini. Hamsini. Mia. Usukani ukatii. Mwajuma akairusha, ikaenda juu ya maji mpaka ikawa ndogo kama nzi, na mkia mweupe sikuuona tena. Ikageuka, ikarudi, ikatua kifudifudi kwenye nyasi, nzima.

Sasa wenzake Mwajuma wananiletea vyombo vyao, na mimi, bibi kizee, nawauliza vijana: huu unakwenda wapi? Na huu? Swali nililolimeza siku ya kwanza nimelirudia uzeeni. Pasi bado naishika. Koleo langu alilichukua Mwajuma siku ile uwanjani, akalitia mfukoni. Sijamwomba alirudishe.