Mota Yenye Nguvu na Mama Mkwe Ndani ya Boti

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mota ya boti haizeeki, inabanwa tu na watu wasiojua kuifungua. Naona aibu kulisimulia hili, lakini pale Kashikishi, sokoni kando ya ziwa, linasimuliwa kila siku bila mimi, tena kwa chumvi nyingi, basi afadhali mlisikie kwangu.

Mota ilikuwa ya mjomba, aliinunua imechoka kwa mfanyabiashara wa samaki, miaka hii ya hamsini ambapo mota za ziwa zima unaweza kuzitaja kwa majina ya wenyewe. Ufundi sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kufungua, na mara nyingi kwa kushindwa kufunga. Nikakwangua masizi kwenye silinda, nikabadilisha plagi, nikanyoosha propela iliyopinda, na mota ikakimbia vizuri kweli. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona kwenye mkono wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, kuna kijino cha chuma kinachouzuia usifike mwisho, kikaninyima raha (kitu kisipokamilika silali), nikachukua tupa nikakisaga chote.

Kesho yake nilikuwa nimvushe mama wa mchumba wangu Chanda kutoka Kilwa, ng'ambo ya Kongo, aje kwetu Nchelenge, jirani na Kashikishi, aone nyumba atakayokaa binti yake, kisha aseme ndiyo au hapana. Na kwetu mnajua, mpaka afanyiwe sherehe ya chakula na zawadi, mama mkwe humtazami wala husemi naye. Wengine huinamisha macho kidogo, basi. Mimi nilitaka heshima isiyo na dosari, kwa hiyo yeye alikaa mbele amenipa mgongo, na mimi nyuma nikakaza macho kwenye mota, hata huo mgongo sikuuangalia. Katikati aliketi mdogo wake, Mama Ngosa, wa kutupelekea maneno.

Mama Ngosa aliposema Kashikishi inaonekana, nikaamua (uamuzi mdogo tu, jamani) mama ajue kwamba binti yake anaolewa na fundi. Nikausukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Boti ikainua pua, nikatabasamu peke yangu, na nilipotaka kuurudisha ule mkono ulikuwa umepita pale palipokuwa na kijino, umekwama.

"Umuambie ule mutu apunguze," mama mkwe akasema.

"Mama anasema upunguze," Mama Ngosa akaniambia, kana kwamba mimi kiziwi.

"Mwambie mama, kwa heshima zote, napunguza," nikajibu, huku navuta kwa mikono miwili.

"Anasema anapunguza."

"Umuambie mbele kuko batu."

"Mama anasema mbele kuko watu."

"Wako mbali?" nikauliza, macho bado kwenye mota.

"Anauliza kama wako mbali."

Mama mkwe akageuka mwili mzima. "We mutoto, angalia kwenye unaenda!"

Nikaangalia. Nikauona uso wake kwa mara ya kwanza, na nyuma yake wanawake wanakimbia na mabeseni. Nikang'oa waya wa plagi, umeme ukanipiga nikakaa chini, mota ikazima, lakini boti ilikuwa haijapata habari. Ikapanda mchangani, ikang'oa miguu ya kichanja cha kuanikia samaki, na kichanja chote kikatuangukia, na mama mkwe akabaki ameketi wima, samaki wawili wakiwa juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Nguvu iko," akasema mwenye kichanja. "Sasa uiongezee na macho."

Soko zima likacheka. Mimi nilikuwa namfikiria Chanda, nikijua nimempoteza. Mama mkwe akajipangusa magamba, akaniuliza mimi mwenyewe, "Nyumba iko wapi?" Akaiona, akasema ndiyo. Wazee nao wakasema sherehe ya kutuondolea ukimya haina kazi tena, maana ukimya umeshavunjika.

Kijino nimekirudisha, na mota inakwenda polepole. Lakini tangu siku ile mama mkwe anasema nami moja kwa moja, bila Mama Ngosa katikati, na hapunguzi.