Vidole vya Mume Wangu

Mume wangu ni dereva. Nasema ni, ingawa gari hana, kwa sababu alijua usukani kabla hajaanza kunyoa ndevu, na hilo haliwezi kufutwa na ofisi yoyote. Aliyekuwa akimwajiri aliuza lori, tukarudi kwenye tumbaku hapa Inyonga, na huku tukilima leseni ikaisha muda wake. Ndipo tajiri mmoja wa Mpanda akamwahidi lori jingine, la kubeba mpunga kutoka Kibaoni. Sharti lilikuwa moja: awe na leseni mpya mkononi kabla mavuno ya mpunga hayajaanza. Kwetu kazi ya mshahara haipiti mlangoni mara mbili.

Akapanda basi kwenda Mpanda, akarudi bila leseni. Akaenda tena, akarudi vilevile. Kila mara alinieleza kwamba mashine haisomi alama za vidole vyake. Sikumwamini. Mtu ana vidole kumi, vinakata tonge na kushika jembe, halafu aniambie kuna mashine haivioni? Mpanda kuna baa, na kuna wanawake. Nikasema safari inayofuata tunakwenda wote.

Tulikaa kwenye benchi la ofisi ya leseni mpaka jua likawa kali. Mara mtandao hakuna, mara mtandao umerudi lakini anayeushughulikia amekwenda kunywa chai. Zamu yetu ilipofika, binti wa dirishani, ambaye ningeweza kumzaa, alikishika kidole gumba cha mume wangu akakibandika kwenye kioo cha mashine. Taa nyekundu. Akakipangusa, akakibandika tena. Nyekundu. Alivijaribu vyote, akimgeuzageuza mkono baba watoto wangu kana kwamba ananunua muhogo. Kumbe mwenzangu alikuwa anasema kweli.

Binti akamuuliza anafanya kazi gani. Akajibu tunalima tumbaku. Binti akasema ndiyo maana, alama zimelika. Alipochukua ile leseni ya kwanza vidole vilikuwa vya usukani, sasa vimekuwa vya jembe. Akamshauri apumzishe mikono wiki mbili: asilime, asichume, asiguse kuni, apake mafuta asubuhi na jioni. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, kana kwamba anatuagiza tunywe maji mengi.

Natamani ningemchukua binti yule nimlete shambani mwezi ule. Jani la tumbaku likiiva halimsubiri mtu. Linachumwa, linafungwa kwenye vijiti, linaingizwa kwenye bani likaushwe, na moto wa bani haulali. Ukichelewa linaungulia kwenye shina. Utomvu wake nao unaganda mikononi, mweusi, na sabuni haiuwezi.

Huo weusi ndio uliotuponza. Nilidhani ndio unaoizuia mashine, kwa hiyo tuliporudi nyumbani nikamkalisha kwenye kigoda nikamsugua vidole kwa mchanga, kisha kwa stili waya ya masufuria. Vikawa safi. Yeye akang'ata meno, na mimi nikasugua kwa bidii ya mtu anayejua anachofanya. Akaenda navyo Mpanda akiwa na matumaini. Binti akamwambia kwamba hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki sasa hakipo, akaanze upya kupumzika.

Basi nikamweka ndani kama mwali. Nilichuma peke yangu, nikabeba, nikafunga, nikakoka moto. Yeye alikaa barazani, viganja vinang'aa mafuta, amevilaza magotini na kuvitazama kama vitu vya kuazima. Jirani yangu kila tukikutana kisimani aliniuliza mwali wangu anatoka lini. Nilicheka naye, maana ungefanya nini, lakini nikifika nyumbani nilimnunia mtu asiye na kosa. Siku moja nilimkuta kwenye bani ameshika kijiti cha majani. Nikamnyang'anya na kumfokea mbele ya watoto, mwanamume mzima, akarudi barazani. Nilichukia. Nilimchukia binti, na mashine, na yeyote aliyekaa mahali akaamua kwamba mtu halali ni yule ambaye mikono yake haijafanya kazi. Nusu ya tumbaku iliungua shambani, kwa sababu mikono miwili haiwezi kazi ya minne.

Lakini tuliporudi Mpanda vidole vilisomeka. Taa ikawa ya kijani, picha ikapigwa, na binti akafurahi kweli, akasema kama tungefuata maelekezo tangu mwanzo tusingesumbuka. Nikauliza leseni iko wapi. Akasema kadi za kuchapia zimekwisha, zinasubiriwa, tutapata ujumbe kwenye simu. Kulikuwa na karatasi ya kusubiria. Tajiri akasema karatasi haitaki, trafiki wa njia ile hawaelewani na karatasi.

Tulisubiri, lakini tumbaku iliyopona haikusubiri, na mahindi nayo yalikuwa yamekwisha kukauka. Asubuhi iliyofuata safari ile mume wangu aliingia shambani kabla sijaamka. Nani angemkataza? Mikono ile laini ilitoka malengelenge siku hiyohiyo, yakapasuka, yakawa vidonda, vidonda vikakauka vikawa sugu. Sikuwahi kumwona mwenye furaha kama wiki hizo.

Ujumbe ulipokuja, mpunga wa Kibaoni ulikuwa umeanza kukatwa. Tajiri alipiga simu tukiwa ndani ya basi, akasema kama kadi haipo leo, lori linaondoka na mtu mwingine. Tukamwambia kadi ipo. Na kweli ilikuwepo. Binti aliitoa kwenye droo, nikaiona kwa macho yangu, sura ya mume wangu amekunja uso. Mume wangu akanyoosha mkono. Binti akasema kwanza aweke kidole, kuthibitisha kwamba mwenye kadi ni yeye.

Nikamwambia picha ndiyo hiyo, mtu ndiye huyu, na aliyempiga picha ni wewe. Akasema yeye anamfahamu vizuri, tatizo mfumo haumfahamu. Mume wangu akaweka kidole. Nyekundu. Akaweka kingine. Watu wa foleni wakaanza kuguna nyuma yetu. Alivimaliza vyote, na kwa kila kimoja alikuwa akifuta kioo kwa mkono wa shati lake, taratibu, kana kwamba kosa ni la kioo.

"Mama, mpumzishe tena," binti akasema. "Wiki mbili tu."

"Kaeni nayo," nikamwambia. "Huyu ana mke mmoja."

Mume wangu aliitazama kadi ikirudishwa kwenye droo, kisha akaingiza mikono mifukoni, tukatoka.